Shangazi, binti yangu yuko JKT, mimi ndiye silali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 47, nauza spea za pikipiki hapa Geita mjini. Safu hii naisoma siku nyingi lakini sikudhani ipo siku nitaandika, tena kwa jambo ambalo nikilisema kijiweni watanicheka mpaka Krismasi.

Kifungua mimba wangu ni Neema. Amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, na majina ya mujibu wa sheria, wale wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakimaliza kidato cha sita, yalipotoka akawa amepangiwa JKT Mafinga, kule Iringa. Tulihangaika na vile vitu vya kwenye tangazo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Ile bukta ilituzungusha soko zima, kila fundi ana bluu yake. Mwisho mama yake akanunua kitambaa akamshonesha. Nikampandisha basi mimi mwenyewe, nikamwambia "kaza buti mama," basi likaondoka.

Wiki mbili kimya. Simu yake aliiacha nyumbani kwa sababu tuliambiwa huko hawaruhusiwi kukaa nazo. Kisha jioni moja ikaingia namba nisiyoijua. "Baba, ni mimi." Sauti imekauka, kama si yake. Akasema, "Baba nimechoka. Mguu unauma. Baba, nije nyumbani?" Nikaanza kumuuliza umeumia wapi, umekula nini, nani amekufanya nini, nikasikia mtu anasema "haya, mwingine," ikakatika. Ile namba niliipiga mpaka saa nne usiku. Asubuhi nikapiga tena. Imezimwa mpaka leo, na sasa ni zaidi ya wiki.

Shangazi, silali. Ikifika saa kumi alfajiri macho yanafunguka yenyewe, kwa sababu nimeambiwa ndiyo saa wanayoamshwa. Natoka nakaa kibarazani mpaka kupambazuke. Dukani nimekuwa wa ovyo. Juzi nimempa mteja kebo ya klachi ya Boxer wakati aliomba ya TVS, akarudi ananifokea mbele za watu, na alikuwa na haki. Daftari la madeni Neema ndiye aliyekuwa analiandika tangu yuko kidato cha pili, kila jioni akitoka shule. Sasa silifungui kabisa, wenye madeni wanafurahi.

Mama yake ametulia kabisa, na huko kutulia kwake kunaniudhi. Anasema, "Si ndiyo ukubwa huo? Mwache." Nilipomwambia nataka kwenda Mafinga akanijibu kwamba nikienda nisiseme naenda kwa ajili ya Neema, naenda kwa ajili yangu.

Kuna kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto kambini. Kila siku zinarushwa sauti: mara kuna mtoto amezimia kwenye mchakamchaka, mara chakula kibovu, mara mabinti wanasumbuliwa na maafande. Hii ya mwisho ndiyo iliyonimaliza, maana wangu ni wa kike. Mmoja wa humo amenifuata pembeni, anasema anamjua afande wa pale, nitume elfu hamsini atanipigia niongee na mtoto. Na rafiki yangu hapa sokoni, kijana wake alipangiwa kambi ya Kigoma, hakumpeleka. Anasoma kozi ya kompyuta, jioni yuko nyumbani anakula, na hakuna aliyemfuata. Kila nikipita ananiuliza, "Kamanda hajarudi?"

Nimepanga Jumamosi nipande basi nifike pale getini, nimwone kwa macho. Nikiona hali mbaya nirudi naye. Isitoshe matokeo yako karibu kutoka, kuna kuomba chuo, kuna mkopo, na yeye yuko huko anakimbia. Nani atamshughulikia? Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Baba Neema, Geita

* * *

Marahaba, Baba Neema.

Tiketi usikate. Naanza na hilo kwa sababu umenipa siku chache, na kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma mistari ya juu ukafunga mkoba.

Kambi ya jeshi haina siku ya wazazi kutembelea kama shule ya bweni. Utasafiri kutoka Geita, utapita Singida, Dodoma na Iringa, utashuka Mafinga umevimba miguu na baridi ya mwezi wa saba ya kule Mufindi, utafika getini, na kijana mwenye silaha atakuuliza una kibali cha nani. Huna. Heri wakurudishe hapo hapo. Shari ni habari ipite ndani kwamba kuna mzazi amekuja kumchukua binti yake. Makuruta hawana huruma, Baba Neema. Atatungiwa jina siku hiyo hiyo, na atalisikia mpaka siku ya kufunga mafunzo. Na hilo la "nirudi naye" lifute kabisa. Kuruta hatoki kambini kwa sababu baba kaja. Akitoka bila ruhusa ametoroka, na wewe ndiye utakuwa umemtorosha.

Sasa ile simu. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako zaidi ya mara moja.

Ile sauti iliyokutisha ni chenja, zile nyimbo za mchakamchaka. Mwanao anaamka alfajiri, anakimbia, na anakimbia anaimba. Afande anaanzisha, kombania inaitikia, na ukiitikia kivivu mnarudia mlikotoka. Wanaimba wakienda shambani, wanaimba wakirudi, wanaimba wakisubiri chakula. Mimi nilipita kambi ya Ruvu miaka ya 1980, enzi zile za kukaa mwaka, na wiki ya pili nilikuwa naongea kwa mikono. Sauti ilirudi baadaye nene kidogo, mama yangu akadhani nimeanza sigara.

Mguu nao. Binti alikuwa anatoka shule anakaa na daftari la madeni dukani, ghafla yuko kwenye kwata saa kadhaa kwa siku, anapiga kisigino chini kwenye ardhi ngumu, halafu jembe, halafu mbio tena. Unatarajia mguu ucheke? Malengelenge, enka, ugoko unaowaka kila ukikanyaga, hayo ndiyo magonjwa ya mwezi wa kwanza. Kambi zina zahanati, na kuruta ana haki ya kuripoti kwamba anaumwa, akaangaliwa. Tatizo ni kwamba wengi hawaripoti, wanaogopa kuitwa wategaji. Hapo ndipo unapoweza kusaidia, na nitakuambia namna.

Halafu hilo swali, "Baba, nije nyumbani?" Wewe umesikia mtoto anayeomba kuokolewa. Mimi nimesikia mtoto aliyepata dakika mbili za simu ya mtu, ana namba nyingi kichwani, akachagua kupiga yako, akatua mzigo. Anayetaka kutoroka haombi ruhusa, Baba Neema. Amepiga kwa sababu kwa wiki mbili hajasema "nimechoka" mbele ya mtu yeyote. Mbele ya wenzake haiwezekani, na mbele ya afande ndiyo kabisa. Alipokata simu huenda alikwenda kula ugali na maharage yake akalala. Mzigo ukabaki Geita. Ndiyo kazi yako huo, ubebe, lakini usiupakie kwenye basi kumrudishia.

Na ile namba usiipige tena. Huijui ni ya nani. Inaweza kuwa ya afande aliyewahurumia, inaweza kuwa ya raia wa nje ya kambi, inaweza kuwa simu ambayo haikutakiwa kuwepo. Simu inayolia mpaka saa nne usiku inamtafutia mtu adhabu, na huenda mtu huyo ni Neema.

Akipiga tena, na atapiga, una dakika mbili nyingine. Safari hii usimwagie maswali. Mtu anayepiga simu kambini ana wenzake nyuma yake kwenye foleni na pengine afande ubavuni, hawezi kukujibu "nani amekufanya nini." Muulize maswali ya ndiyo na hapana. Mguu umeripoti? Unakula? Unalala? Kisha la nne, polepole: kuna mtu anakusumbua? Halafu unyamaze umsikilize. Akisema hapana, mwambie pole mama, tuko wazima, wadogo zako wanakusalimu, ripoti huo mguu kesho asubuhi, nimekuagiza mimi. Hilo la "nimekuagiza mimi" lina maana. Linampa sababu ya kwenda zahanati ambayo si uvivu wake. Usimwambie huli, usimwambie huoni usingizi. Atakaa na maneno hayo hangani, bwenini kwao, usiku kucha na hana mahali pa kuyapeleka.

Akisema ndiyo, kuna mtu anamsumbua, yote niliyokuandikia juu ya tiketi yafute.

Sitaki kukudanganya kwamba hofu yako ya mtoto wa kike ni upuuzi wa WhatsApp. Mabinti wana mahanga yao na kuna maafande wa kike, na wengi wanamaliza miezi mitatu bila mtu kuwagusa kidole. Lakini popote mtu mzima alipo na amri juu ya binti wa miaka 19, mzazi mwenye akili anaweka sikio. Uchovu, njaa, baridi, kufokewa, kurushwa kichura, hayo ni mafunzo, yanapita. Mtu kumwita mahali peke yake, kumshika, kumwahidi nafuu au kumtishia ili akubali, hilo halimo kwenye mafunzo yoyote ya jeshi lolote. Likitokea unamtafuta Mkuu wa Kikosi, unakwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, unaandika barua Makao Makuu ya JKT pale Chamwino, Dodoma, na hushushi sauti mpaka ujibiwe. Mwambie Neema hivyo mapema, hata kama hakuna kilichotokea. Binti anayejua baba yake ataamini neno lake la kwanza ana nguvu ambayo hata mtu mwenye nia mbaya anaihisi.

Kuna jambo jingine hukuliandika, nalo nakuuliza. Neema ana ugonjwa wowote wa siku zote? Pumu, selimundu, kifafa, moyo? Kama anao na hamkusema wakati wa kuripoti kwa kuogopa atarudishwa, hapo usingoje simu. Hizo habari zinazorushwa za watoto kuzimia kwenye mchakamchaka, nyingi ni chumvi, lakini mtoto mwenye selimundu anayekimbizwa na hakuna anayejua si chumvi. Nenda ofisi ya Mshauri wa Jeshi la Akiba hapo wilayani kwako, wale wanaoshughulika na mgambo. Eleza, uwe na cheti cha hospitali mkononi, omba wakuunganishe na kikosi. Kama mtoto ni mzima, ofisi hiyo hiyo bado inaweza kukusaidia kupata namna rasmi ya kuulizia hali yake na anwani ya kikosi. Anwani ukiipata, andika barua. Barua ya karatasi, ukurasa mmoja, na wale wadogo zake waandike chini yako. Huko barua inasomwa mpaka mikunjo inachanika.

Huyo wa elfu hamsini, usimtumie hata mia. Leo ni kuongea na mtoto, kesho utaambiwa mtoto ameanguka anahitaji damu, na mwisho itakuja ile tunayoijua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wanajua msimu wenu. Mwezi wa sita na wa saba wazazi wa makuruta ni shamba lililoiva, wamejaa hofu na hawawezi kumpigia mtoto kuhakikisha. Kikosi kikiwa na habari mbaya ya mtoto wako hakitakuomba pesa kwanza. Kwenye lile kundi baki kama unapenda, lakini zima mlio, na kila sauti inayoingia jiulize swali moja: huyu anayeongea, ameona au amesikia? Utashangaa kundi litakavyokuwa jepesi.

Rafiki yako wa sokoni mwache na utani wake. Ni kweli, wapo wasioripoti na hawajafuatwa mpaka leo. Lakini sheria ipo. JKT iliundwa Julai 10, 1963, wa mujibu wakasimamishwa 1994 kwa sababu serikali haikuwa na pesa za kuwalisha, na 2013 wakarudishwa. Mwaka huo hata wabunge vijana kadhaa walikwenda wakavaa bukta kama ya Neema, kuonyesha mfano. Matangazo mengi ya ajira za polisi, magereza, uhamiaji na zimamoto huuliza cheti cha JKT. Kijana wa rafiki yako anaweza asikihitaji kamwe. Anaweza pia kukihitaji akiwa na miaka 24, na siku hiyo utani utakuwa umekwisha. Hilo si lako wala langu.

Na kama inakutuliza, hujawahi kuwa peke yako katika kutolipenda jambo hili. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria mpya iliyowataka wakatumikie JKT, pamoja na kukaa muda mrefu wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akawafukuza chuo, mia tatu na ushee, akatangaza na wake mwenyewe mshahara unapunguzwa kwa asilimia 20. Nadhani kuna baba wengi waliokaa vibarazani mwaka ule.

Turudi kwako, maana hapa ndipo penye kazi.

Uliuliza nani atamshughulikia habari za chuo na mkopo. Mwenyewe, kwa sehemu kubwa. Ukilisoma tena lile tangazo la wito utaona mwishoni wameambiwa waende na nyaraka za kuombea elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne. Hawakuandika kwa kujaza nafasi. Wanajua matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai watoto wakiwa kambini, na miaka ya karibuni maofisa wa Bodi ya Mikopo wamekuwa wakiwafuata huko huko kuwaelekeza. Udahili nao TCU, ile tume ya vyuo vikuu, hufungua kwa awamu, haufungwi siku moja.

Lakini fomu ya mkopo ina sehemu ambazo Neema hawezi kuzimaliza akiwa Mafinga, na hizo ni zako. Cheti chake cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, je, mlishafanya? Herufi za jina lake kwenye cheti zinafanana na za cheti cha kidato cha nne, au kimoja kina "Nehema"? Kama zinatofautiana, kiapo kinaanza leo, usingoje foleni ya mwezi wa nane. Mdhamini anahitaji namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na picha ndogo. Mdhamini ni wewe, kitambulisho chako kiko wapi? Fomu ikishatoka kuna sahihi ya serikali ya mtaa na muhuri wa wakili au hakimu, na wewe mwenye duka unajua ni asubuhi ngapi hizo. Kila kaburasha weka nakala kwenye bahasha moja, na picha zake kwenye simu ya mama yake. Ukiwa macho saa kumi alfajiri, kaa na bahasha hiyo. Nitakuwa na amani zaidi kuliko ukikaa na ile redio ya WhatsApp.

Kozi usimchagulie. Najua itakuja siku utashawishika, dirisha limefunguka, mtoto hayupo, namba yake ya mtihani unayo, na wewe siku zote umetaka awe nesi. Usiguse. Andika kwenye karatasi vyuo na sifa zinazotakiwa, umsomee akipiga. Mtoto anayerudi kutoka JKT na kukuta ameshachaguliwa maisha atakukumbusha hilo kila muhula.

Nimeona pia jinsi ulivyoandika habari za daftari la madeni. Neema hakuwa mtoto tu hapo kwako, alikuwa karani, alikuwa mtu wa kukaa naye jioni mkihesabu nani kalipa nani kakimbia. Hilo pengo ni la kweli na lingekuja hata bila jeshi, maana Oktoba au Novemba atakuwa chuoni. Lifungue daftari. Mdogo wake anayemfuata, kama anajua kujumlisha, mkalishe pale kiti cha dada yake jioni. Ataharibu kurasa za mwanzo, mtakosana kidogo, na wale wanaofurahia kimya chako watajua duka limefunguliwa tena.

Mama Neema nimemwacha mwisho kwa makusudi. Kauli yake kwamba unakwenda Mafinga kwa ajili yako ilikuuma, nami nimeicheka kidogo, unisamehe, kwa sababu amepatia. Lakini usidhani hajali. Ni yeye aliyenunua kitambaa cha bukta baada ya soko zima kuwashinda. Wapo wanaolia kwa macho na wapo wanaolia kwa kushonesha. Usiku mmoja, badala ya kutoka kibarazani kimyakimya, muamshe umwambie unaogopa nini, kwa maneno uliyoniandikia mimi, hasa lile la maafande na mtoto wa kike. Ninyi ndio wazazi wawili wa huyo binti. Mimi ni mtu wa gazetini. Inawezekana hata yeye saa kumi yuko macho, anakusikia ukifungua mlango.

Nauli ya Jumamosi usiile. Siku ya kufunga mafunzo kuna gwaride, na wazazi hukaribishwa. Tarehe mtaijua ikikaribia, ulizia kule kule wilayani. Nendeni wawili. Bebeni chakula cha nyumbani, na kama wanaruhusu mchukue na mdogo wake mmoja. Wakipita mbele ya jukwaa hutamtambua mara moja, wote wamenyolewa na wanatembea sawasawa, kwa hiyo usianze kupunga mkono na kuita. Hata akikuona hatageuka.

Shangazi